Lipu nyeupe si lipu kavu

"Ikishakuwa nyeupe imekauka, piga rangi." Maneno haya nimeyasikia kwa karibu kila fundi aliyepita kwenye nyumba yangu hapa Tanga, na yananikera mpaka leo. Weupe ule ni wa juujuu.

Simenti iliyoshika ina vitundu vingi mno, vingine havionekani kabisa kwa macho. Mwanzoni maji hufuatana yenyewe kuja usoni mwa ukuta, upepo ukayachukua. Hapo madirisha wazi na feni vinasaidia kweli. Vitundu vikubwa vikishaisha maji, mfuatano unakatika. Yanayobaki yameng'ang'ania kwenye vitundu vyembamba, na hayatoki mpaka yageuke mvuke humohumo ndani, upenye taratibu. Hapo hata uwashe feni ngapi, mabadiliko ni madogo.

Fundi mmoja alikataa katakata. Akaweka jiko la mkaa chumba cha nyuma, akafunga madirisha, akasema kesho tunapaka. Nilivyoingia nilifungua kila kitu mbio, maana hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua. Ukuta ulikuwa mweupe pe, na nyufa nyembamba kama unywele zimetambaa kutoka kona ya dirisha. Nikamwambia tusibishane, ukuta utajibu wenyewe. Nikakata nailoni nzito inayopitisha mwanga, kama sentimita 45 kila upande, nikaibandika kwa selotepu pande zote nne, nisiache upenyo. Ikalala hapo. Kesho yake tukaenda wote wawili: matone yamejaa nyuma ya nailoni, na lipu iliyofunikwa imerudi kijivu kilichokolea. Fundi akapitisha kidole, akanyamaza.

Nailoni ikae isipungue saa 16, na upime sehemu mbalimbali, hasa chini karibu na msingi. Selotepu na nailoni havikunifikisha hata elfu kumi. Ilikuwa masika, hewa yenyewe imejaa maji, kwa hiyo subira ilikuwa ndefu.

Ule unga mweupe unaotokea ni chumvi iliyoletwa na maji. Usugue kwa brashi kavu, ukiuosha sehemu yake inarudi ndani. Rangi ya mafuta usiipake mapema, inaziba mvuke na kutunga malengelenge. Mimi nilipaka ya maji.

Chumba cha nyuma kilichelewa kuliko vyote, na nyufa tuliziziba kwanza. Masika yamerudi na kupita, hakuna lengelenge hata moja.