Nilivyokipata kitovu cha tetemeko la Kagera nikiwa Dodoma

Kanuni ya "zidisha kwa nane" imenipotezea wiki mbili. Alinipa mwalimu mwenzangu: hesabu sekunde kati ya kufika kwa wimbi la P, lile la kasi linalotangulia, na wimbi la S linalofuata nyuma yake, zidisha kwa nane, utapata kilomita kutoka kituo cha kupimia matetemeko hadi tetemeko lilipoanzia. Hakusema kwamba kanuni hiyo ina mpaka.

Nafundisha jiografia sekondari hapa Dodoma, ambako ardhi kutikisika si habari ngeni, maana tawi la mashariki la Bonde la Ufa linapita huku kwetu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, wanajuaje ni pale, wakati hakuna aliyeliona likianza?" Nikaona kuchora duara za kubuni ubaoni hakutamtosha. Nikachagua tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9.

Rekodi za vituo vingi ziko wazi mtandaoni. Nilichukua Mbarara ya Uganda, Kilima Mbogo ya Kenya na Lusaka ya Zambia. Bando pamoja na kuprinti steshenari havikufika elfu kumi. Angalieni saa tu: kwetu lilipiga saa tisa na dakika 27 alasiri, lakini rekodi hufuata saa ya Greenwich, kwa hiyo itafuteni 12:27. Mimi nilianza na 15:27, nikakuta mstari umelala.

P haisumbui. S ndiyo iliyoninyima usingizi, na njia niliyoigundua naipenda mpaka leo. Kila kituo huandika mistari mitatu: wa juu na chini, wa kaskazini na kusini, wa mashariki na magharibi. Nilikuwa nauangalia ule wa kwanza peke yake, na humo S inamezwa na mtikisiko wa P ambao bado haujatulia. Lakini S hutikisa ardhi zaidi kwa ubavu! Nikaiprinti mistari yote, nikaipanga mmoja chini ya mwingine, nikasimamisha rula wima na kuisogeza kulia taratibu. Pale mistari miwili ya ubavu iliponenepa ghafla na mawimbi yake kupanuka, huku ule wa juu na chini ukibadilika kidogo tu, nikaweka alama. Nilipiga kelele ya furaha ofisini peke yangu.

Mbarara ilinipa sekunde kama 14, Kilima Mbogo 64, Lusaka 163. Nikazidisha kwa nane, nikabandika ramani kwenye manila, nikachora kwa pini, uzi na penseli duara kuzunguka kila kituo, umbali huo ukiwa nusu kipenyo; zinapokutana zote tatu ndipo kitovu kilipo. Duara hazikugusana kabisa! Ya Kilima Mbogo iliishia kama kilomita 100 kabla ya kuifikia ya Mbarara, na ya Lusaka ilikuwa mbali zaidi. Nikabadilisha uzi nikidhani unavutika. Nikachora upya mara tatu. Mtu mmoja akanishauri nizisogeze kidogo zikutane, eti wanafunzi hawatajua. Ushauri ule uliniudhi sana. Mtoto ameuliza ukweli, nimpe uongo?

Kumbe nane ni ya matetemeko ya karibu, ambayo mawimbi yake husafiri ndani ya ganda la dunia: P kama kilomita 6 kwa sekunde, S kama 3.5. Kituo kikiwa mbali, kilomita mia mbili na zaidi, mawimbi yanayotangulia ni yale yaliyozama chini ya ganda, kwenye mwamba unaoyapitisha kwa kasi: P kama 8, S kama 4.5. Hapo kizidisho kinakaribia kumi. Kwa vituo vya mbali sana, grafu ya muda wa safari za mawimbi ndiyo ya kutegemea.

Mbarara nikaiachia nane yake, Kilima Mbogo ikawa kama 640, Lusaka kama 1,630. Duara zikakatana upande wa Missenyi, kaskazini-magharibi ya Bukoba, karibu na mpaka wa Uganda.

Nilimwita yule mwanafunzi achome pini mwenyewe. Akaichoma, akainama kuangalia, akauliza kwa nini ni kapembetatu na si nukta. Nikamwambia sekunde zangu nilizisoma kwa jicho, na pia uzi wetu umelala juu ya karatasi, wakati tetemeko lenyewe lilianzia kama kilomita 40 chini ya ardhi.