Selo Iliyonikalia Dirishani

Nililipa euro 12 juu ya nauli kwa ajili ya dirisha tu. Nilikuwa natoka Vienna kwenda London, mchana kweupe, na nilitaka kuiona Ulaya kutoka juu. Naingia ndani ya ndege, nakuta kiti changu kina mtu mrefu, mweupe pe, hana kichwa wala mikono. Kumbe ni selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa, ndani ya kasha lake, imefungwa mkanda wa abiria, tena mkanda umeongezwa kipande kama afanyiwavyo mtu mnene.

Nikamwita mhudumu. Akaniambia, kwa upole wa kukariri, kwamba selo lazima ikae dirishani, isije ikazuia watu kutoka kukitokea dharura. Mie nikae pembeni, kwenye ujia. Na euro 12 zangu? Niandike barua pepe. Nimeandika tatu mpaka leo, bado "wanashughulikia".

Mwenye selo alikaa katikati yetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, masikio yamemwiva kwa haya. Alikuwa kalipa nauli mbili. Tiketi ya pili, akanionyesha, jina la abiria limeandikwa "Cello". Wenzake wawili walikuwa safu ya nyuma: binti wa fidla, na mpiga piano aliyekuja na kimkoba tu. Nikasema huyu wa piano ndiye mwenye raha. Akakataa kabisa. Kila mji, alisema, anapiga kinanda cha watu: hiki funguo nzito, kile pedali inalia, na muda wa kuzoeana nacho ni saa moja. Wote wanafunzi wa muziki, na walikuwa wanakwenda kupiga adhuhuri katika kanisa moja la katikati ya London, bila kiingilio. Nauli nne za watu watatu, halafu bure!

Mhudumu akapita akigawa maji na chokoleti, moja moja. Selo akairuka.

Kuhusu London yenyewe sina la kusema, ila supu ya boga na kipande cha mkate ni pauni tisa, na mvua haina haya. Siku ya tatu nikaenda kanisani.

Walipiga trio ya pili, yaani muziki wa ala tatu, ya mtunzi Mrusi Shostakovich, aliyoitunga mwaka 1944 kumkumbuka rafiki yake Ivan Sollertinsky, aliyefariki mwaka huohuo. Inaanza na selo peke yake. Nikajiandaa kusikia mngurumo wake ule mzito. Ikatoka sauti nyembamba, ya juu kabisa, kama mluzi wa mtu aliye mbali baharini. Nikaitazama fidla: kimya. Ni ileile selo! Kijana alikuwa akizigusa nyuzi kwa ncha ya kidole bila kuzikandamiza. Fidla ilipokuja ikaingia chini yake, na piano ikaja chini zaidi. Mkubwa kapanda darini, mdogo yuko ukumbini. Euro 12 zikanitoka akilini.

Kwenye sehemu ya mwisho fidla ikaanza kudonolewa kwa vidole, wimbo wa mtindo wa Kiyahudi, wa kuchezeka lakini una msiba ndani. Nikasikia kitu kama hijazi, ule mpangilio wa sauti wa taarabu, na papo hapo niko Unguja, barazani kwa ami yangu. Ami kapiga selo kilabu cha taarabu miaka na miaka. Yake ilisafiri juu ya paa la gari la abiria, chai maharage, imefungwa kamba pamoja na mikungu ya ndizi. Mvua ikija, selo inafunikwa turubai, ami anarowa. Uzi ukikatika, anasubiri mpaka apatikane mtu wa kutoka nje.

Usiku nikampigia simu nikamweleza yote: kiti, mkanda, jina kwenye tiketi, ile sauti ya mluzi. Akasikiliza kimya.

"Kwa hiyo ililipiwa nauli nzima?"

"Nzima, ami."

"Basi chokoleti yake kala nani?"