Visiki vya ua wa Himbi

Oktoba 2019, mvua zimekolea Goma, mzee mmoja wa mtaa wa Himbi alikuwa anang'oa ua wake wa mivumu, aina ya fikasi (jamii ya mtini), ajenge ukuta wa mawe. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kwa wauza miche wa kando ya barabara: faranga 10,000 kwa fikasi ndefu, shina kama kalamu, mizizi imejizungusha ndani ya mfuko kama kamba. Kwenye bonsai, yaani mti unaofupishwa na kukuzwa ndani ya chombo kidogo, urefu ule wote hukatwa ukatupwa. Kinachofaa kulipiwa ni unene wa chini.

"Muzee, visiki hivi ni vya nini?"

"Vya kuni. Ila vingali vibichi. Beba tu, mwanangu."

Nilichagua vile ambavyo shina linapanuka pale linapoingia ardhini na mizizi inatoka pande zote. Kimoja kilikuwa kinene kama kifundo cha mkono, na jeraha la zamani la panga lilikuwa limefunikwa na gome, limebaki kovu lenye midomo miwili. Kovu kama hilo hulikuti kwa mche wa miaka miwili. Niliongeza na sipre (mkipresi) moja ya ua wa nyuma. Chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikavifikisha nyumbani.

Mashina niliyakata kwa msumeno yakabaki sentimita 25, mizizi minene sentimita 12. Utomvu mweupe ulichuruzika. Nikaunyunyizia maji mpaka ukakata. Changarawe ya volkano hapa ni ya bure, lakini usiijaze kwenye chombo kama ilivyo: vumbi lake hushuka, huziba matundu, na mizizi huoza. Niliichekecha kwa ungo wa waya, kisha kwa neti ya mbu, nikabakiza punje za kati ya mtama na harage, sehemu 3 kwa 1 ya mboji. Kila kisiki nilikifunga kwa waya uliopita kwenye matundu ya beseni, maana kikitikisika vimizizi vichanga hukatika. Kivulini, bila kuongeza mbolea.

Siku ya 24 kijicho cha kijani kilitokeza chini ya lile kovu. Sipre ilikuwa imeshakauka: nilikuwa nimeikata mpaka kwenye mti mtupu, nayo, tofauti na mvumu, haichipui pasipo na majani.

Wiki ya tano nilirudi Himbi. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni, na nyuma ya rundo la mawe visiki vinne vilivyosahauliwa vilikuwa vimechipua vikiwa vimelala. Nilikwenda kutafuta chukudu.