Daftari la vipande

Juzi mwanangu wa mwisho alikuwa anamtazama mjomba wake akifunga vifungo vya koti kwa mkono wa kushoto, akauliza bila kuzunguka: "Mama, vidole vya mjomba walivilipa shilingi ngapi?" Mdogo wangu hakukasirika. Alimwambia tu, "Muulize mama yako, yeye ndiye aliyekesha na lile daftari."

Nilimtajia mtoto kiasi, akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi ndiye niliyebaki na lile swali.

Ilikuwa Juni 2018, Mafinga, mwezi ule ambao ukungu haunyanyuki mpaka saa nne asubuhi. Waliofanya kazi kwenye mashine za ding dong, zile ndogo za kupasulia mbao, wanajua zilivyo: diski ya msumeno wa duara, mkanda, injini ya dizeli na toroli la kusukumia gogo. Maranda ya paina mbichi yana maji. Yanashindilia ndani ya kinga ya msumeno, mashine inalemewa, na ili kazi isisimame kinga inafunguliwa inawekwa kando. Mdogo wangu alikuwa anavuta banzi lililokwama upande wa kutokea. Mkono wa kulia: kidole cha shahada kiliondoka chote, cha kati kikabaki na pingili moja.

Habari za hospitali nazipita. Mwajiri naye nimtendee haki: alikuwa amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na alipeleka taarifa ya ajali ndani ya siku saba kama sheria inavyomtaka. Wengi hawafanyi hata hilo. Na ilikuwa heri ajali ilitokea baada ya Julai 2016, Mfuko ulipoanza kulipa mafao, kwa sababu chini ya sheria ya zamani kiwango cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Basi.

Shida ilikuja na malipo ya kwanza. Mfanyakazi akiwa nyumbani anauguza jeraha, Mfuko unamlipa asilimia 70 ya mshahara wake, hadi miezi 24. Mdogo wangu akahesabiwa shilingi 80,500 kwa mwezi. Nilichukua kalamu nikarudi nyuma: 80,500 ni asilimia 70 ya 115,000. Nayo 115,000 ilikuwa kima cha chini cha mwezi kwa biashara na viwanda tangu agizo la mishahara la 2013. Mwajiri alikuwa ametangaza hicho, na Mfuko ulikokotoa kwa kile ulichopelekewa. Lakini mdogo wangu hakuwahi kulipwa kwa mwezi. Alilipwa kwa kipande, yaani kwa idadi ya mbao alizopasua, kila Jumamosi, mkononi.

Watu hudhani ugomvi wa fidia ni ugomvi wa jeraha. Jeraha halibishaniwi sana, linaonekana. Kinachobishaniwa ni mshahara, maana kila fao la fedha linasimama juu yake: la muda wakati wa matibabu, na la kudumu baada ya daktari kutoa asilimia ya ulemavu. Asilimia ikiwa 30 au chini yake unalipwa kwa mkupuo. Ikizidi hapo unalipwa pensheni kila mwezi. Daktari akipima kwa haki yote, mshahara ukiwa wa uongo malipo nayo yatakuwa ya uongo.

Tulimwomba mwajiri barua ya kuthibitisha malipo hayo ya vipande, haikuja. Aliyekuja ni karani wa kiwandani, usiku, kwa mlango wa nyuma pale Kinyanambo. Alitoa daftari ndani ya koti, lile la jalada gumu, kurasa zimeshikana kwa utomvu. Akasema, "Dada, nalihitaji kabla ya saa kumi na mbili asubuhi."

Nililifungua karibu na jiko la mkaa ili kurasa zilainike. Ziliandikwa kwa penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki vizuri kwenye karatasi yenye utomvu. Kila ukurasa siku moja. Safu ya kwanza majina, kisha saizi za mbao, 2x4, 2x6, 1x8, na pembeni jumla ya fedha, na alama ya vema kwa aliyekwisha kulipwa. Majina yenyewe yalikuwa ya kiwandani. Mdogo wangu aliandikwa "Kamwene", kwa kuwa hakuna aliyempita bila yeye kumsalimu Kihehe. Nikawa nasoma, yeye anathibitisha: hii siku mvua ilinyesha, hii mkanda ulikatika, hii tulipasua mpaka usiku. Siku ya ajali safu yake ilikuwa na vipande kumi na vinne vya 2x4, kisha mstari. Karani hakuandika kitu kingine pale. Alipiga mstari tu kwa penseli, ukakata karatasi.

Tulihesabu wiki 13. Namba hiyo sikuitoa hewani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi asiyelipwa kwa muda, au ambaye malipo yake yanapanda na kushuka, mshahara wake unatafutwa kwa wastani wa wiki 13 zilizotangulia. Kama amefanya kazi muda mfupi zaidi, basi muda huo huo. Jumla ilikuja 858,000. Gawa kwa 13, unapata 66,000 kwa wiki. Ukitaka mwezi unazidisha kwa 4.333, unapata kama 286,000. Asilimia 70 ya hiyo ni 200,200. Tukarudia hesabu kuanzia mwisho kwenda mwanzo, ikatoka ile ile.

Halafu nikapiga hesabu ya upande wa pili, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Mchango wa mwajiri binafsi wakati ule ulikuwa asilimia 1 ya mshahara (siku hizi ni 0.5). Asilimia 1 ya 115,000 ni shilingi 1,150. Ya 286,000 ni 2,860. Mwajiri alikuwa anaokoa shilingi 1,710 kwa mwezi kwa mtu kama mdogo wangu. Kwa ajili ya hizo, mtu aliyekatika vidole alikuwa anapungukiwa 119,700 kila mwezi.

Tulipiga picha kila ukurasa kwa simu, taa ikishikwa pembeni ili penseli ionekane. Ndipo nikampa mdogo wangu barua ya kuomba uamuzi upitiwe upya, asaini. Akaishika kalamu kwa kidole gumba na kidole cha pete. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, ikatoka kubwa na ya kupinda, akasimama akaitazama. Saini ya benki, ya kitambulisho cha NIDA, ya kadi ya kura, zote zilikuwa za mkono ule ulipokuwa mzima. Tuliandika barua upya, akaweka dole gumba la kushoto. Jumatatu alienda benki kubadilisha sampuli ya saini kabla fedha haijaingia, na nawaambia wote wenye majeraha ya mkono wafanye hivyo mapema, maana fedha ikishaingia na saini isilingane, utazungushwa ukiwa mgonjwa.

Kilichobaki kilikuwa "Kamwene". Daftari lilimjua Kamwene, Mfuko unamjua mtu wa NIDA. Picha za daftari peke yake zisingetosha. Alihitajika mtu wa kuapa kwamba Kamwene ni huyu, kwamba daftari ni la kiwanda na kwamba mwandiko ni wake yeye mwapaji. Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Nilimweleza karani wazi kwamba kiapo kinabeba jina lake kamili na kitafika kwa mwajiri, kwa sababu mwajiri lazima aulizwe. Alinyamaza, akaniuliza wakili yuko wapi. Akaapa.

Tulimwandikia pia mwajiri atoe kumbukumbu zake za malipo. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi na ayatunze miaka mitano baada ya ajira kwisha. Shauri likifika mbele na yeye hana cha kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Kipengele hicho nilikinakili kwenye barua neno kwa neno. Hakujibu, lakini hakupinga.

Mshahara ulirekebishwa. Tofauti ya miezi iliyopita ikalipwa, na daktari alipotoa asilimia ya mwisho, chini ya 30, mkupuo ukakokotolewa kwa mshahara wa kweli. Ngazi za rufaa ziko juu ya hapo, hadi Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Sisi hatukufika huko. Kuhusu asilimia yenyewe bado nina neno. Kipimo kinahesabu pingili, na hakioni kwamba mtu huyu alikuwa mpasuaji wa mkono wa kulia, wala kwamba hakuna kiwanda Mafinga kitakachomrudisha kwenye msumeno. Nimelifikiria mara nyingi kama tungelipigania hilo, na sijapata jibu linalonitosha.

Karani mkataba wake ulipofika mwisho haukuongezwa, ingawa ulikuwa unaongezwa kila mara. Nilimfuata. Nilimwambia sheria inamruhusu kudai, kwamba alikuwa na matarajio halali ya kuongezewa. Kwamba ana siku 30 za kupeleka Fomu Namba 1, ile ya malalamiko, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, baada ya kumpa mwajiri nakala. Na kwamba akichelewa itabidi aombe kwanza kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa kwake. Fomu nilikuwa nayo mkobani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, mimi bado nataka kufanya kazi Mafinga."

Mdogo wangu alimpelekea sehemu ya mkupuo wake. Akapokea nusu, nusu akairudisha. Mfuko unamfidia aliyeumia kazini, ndivyo sheria ilivyouweka. Aliyeumia kwa kutoa ushahidi njia yake ni ya Tume, na njia hiyo ilimtaka ajitokeze kwa jina lake mara ya pili. Siku 30 zilipita.