Moyo wa Bibi

Mwanangu ana kazi ya sayansi ya kumaliza leo: achore mtu, aandike majina ya viungo. Kichwa, macho, meno, yote kayaandika kwa Kiswahili cha kitabuni. Alipofika kwenye moyo kalamu ikasita. "Mama, moyo uko wapi hasa?"

Swali la kuniuliza mimi hilo?

Mwaka wa 1998, zahanati moja hapa Lamu. Nina miaka 12 na ndiye mkalimani, kwani daktari ni kijana wa bara na Bibi hana lugha ila Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. "Kaa chini, shosho," daktari akamwambia. Bibi akaitazama sakafu, kisha akanitazama mimi. Kwetu mgeni huambiwa akae kitako. Hilo la shosho, neno la bara la kumwita bibi, nililimeza, sikulifasiri.

"Kitwa chaniwanga," akaanza. Kichwa kinamuuma, nikasema. "Mato yaona kiza." Macho yanaona giza. Najiona msomi. "Na moyo wanichafuka."

Hapo nikanyamaza. Nifasiri nini? Moyo ni moyo.

Daktari akaacha kuandika. Akavaa vile vyombo vyake vya masikioni, akamwekea Bibi kifuani upande wa kushoto, akasikiliza na kusikiliza. Bibi akaushika mkono wa daktari kwa vidole viwili, kama anayetoa mdudu kwenye buibui, akaushusha hadi pale mbavu zinapoachana, kwenye chembe. "Ni hapa." Daktari akaurudisha kushoto. Bibi akaushusha tena.

"Moyo unadunda sana?"

"Wa kudunda ni mzima, mwanangu. Mimi nakwambia moyo."

Tukaandikiwa barua ya kwenda kupimwa moyo Malindi. Boti hadi Mokowe, basi, Witu, Garsen, barabara imeliwa na mvua za El Niño, Bibi akitapika njia nzima. Kule muuguzi mmoja wa makamo, mtu wa pwani, hata mashine hakuigusa. "Bi mkubwa, moyo wachafuka kabla ya kula au baada?" Tukarudi na dawa ya tumbo.

Nimemwambia mwanangu auchore kushoto, mwalimu ampe alama zake. Na huyu huyu, asubuhi nilipomuuliza mbona hataki uji, alinijibu moyo wamchafuka. Nikamwekea mkono kwenye chembe, wala sikumuuliza ni wapi.