Siku moja Kanthi, gunia la Newala likifunguliwa

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Januari hapa Kanthi, India, mtu wa Newala ataitambua, inafanana na ile ya kwetu juu ya uwanda wa Makonde mwezi wa Juni, ila hii inakuja na ukungu mzito unaopanda kutoka mashamba ya mpunga. Najifunga kitenge juu ya sweta. Mwenye nyumba wangu ameshawasha jiko. Namwita Mashima, yaani mama mdogo, kwa sababu huku mama mtu mzima humwiti kwa jina lake, kama kwetu tu. Chini barabarani anapita mgema na baiskeli yake, vyungu viwili vimening'inia. Ni maji ya mtende aliyogema usiku, na anawahi kuyauza kabla jua halijapanda yakachachuka. Yanayobaki wanayachemsha mpaka yanakuwa gur. Sisi tunasema sukari guru. Neno ndilo hilo hilo, lilishavuka bahari siku nyingi.

Kanthi, ambayo Waingereza waliiandika Contai, ni mji mdogo wa biashara katika wilaya ya Purba Medinipur, Bengal ya Magharibi, karibu na bahari. Umekaa juu ya tuta la mchanga wa kale, na mchanga huo mikorosho inaupenda. Wao wanaiita kaju, na kamusi zetu za zamani zina mkanju. Mreno alichukua mbegu Brazil akazileta pande zote mbili za bahari pamoja na jina. Tofauti ni msimu. Mikorosho yao inazaa kuanzia Februari na Machi, yetu inaanza Oktoba, kwa hiyo zetu zinafika wakati karakana zao hazina kitu. Hapo ndipo ninapohitajika. Kila msimu nakaa miezi mitatu, nakagua korosho ghafi zinazotoka kusini mwa Tanzania.

Saa 1 asubuhi lori kutoka bandari ya Kolkata liko mlangoni mwa ghala, magunia 200 ya kilo 80. Mwenye ghala ananisalimia "didi", yaani dada, nami namwita "dada", na dada kwa Kibengali ni kaka. Mwaka wa kwanza ulimi ulikuwa mzito, sasa umezoea. Ananipa bambo, natoboa gunia moja moja, korosho zinateremka kwenye ungo. Huwa nasimama kidogo nikilitazama gunia lenyewe. Ni la juti. Juti ni zao la Bengal, na viwanda vya kuisokota viko kando ya mto Hooghly, huku juu kidogo. Gunia linasafiri tupu mpaka Mtwara, linajazwa kwenye chama cha msingi, linapigwa muhuri, kisha linarudi kwao limebeba jasho la mama yangu. Hata jina gunia tulilipata huku huku.

Saa 3. Kukata sampuli. Hii ndiyo sehemu ya siku ninayoipenda kuliko zote, na naomba kila mkulima wa korosho aielewe, maana bei yake inaamuliwa hapa. Napima kilo moja, nahesabu korosho, halafu nazipasua zote. Punje za ndani naziweka mafungu: nzima, zenye madoa, changa, tupu, zilizooza. Leo punje nzuri zimefika gramu 285. Piga hesabu kwa gunia la kilo 80, unapata pauni 50 na ushee za punje nzuri. Hiyo "50" ndiyo lugha ya biashara hii duniani kote. Mnunuzi hakuulizi korosho zako zinatoka kijiji gani, anauliza ni pauni ngapi.

Msimu mmoja nilifungua magunia nikapigwa na harufu ya ukungu. Aliyesafirisha alizifunga bado zina unyevu, nusu ya punje ilikuwa nyeusi. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu najua anayekatwa mwisho wa mlolongo ni yule aliyeinama kuokota. Kama unasoma hii na una korosho uani, zianike mpaka zigongane kwa sauti kavu.

Saa 6 mchana napanda toto kwenda kijijini. Usishangae jina, ni bajaji ya umeme, huku ndivyo inavyoitwa. Njiani kila baada ya bwawa la samaki kuna banda la bati, na kila banda lina boila na moshi wenye harufu kali ya maganda. Ukitafuta kiwanda kikubwa chenye geti vipo unavyoweza kuviona, lakini si hivyo vilivyoujenga mji huu. Umejengwa na mabanda ya uani, familia na majirani zao.

Didi ninayemtembelea anabangua kwa mashine ya mguu. Korosho zimechemshwa kwa mvuke jana na kupoa usiku kucha. Anachukua moja, anaiweka katikati ya visu viwili vilivyopinda kufuata umbo lake, anakanyaga pedali, anasukuma mkono kidogo, ganda linaachana, mwenzake anachokoa punje kwa ncha ya chuma. Nimehesabu: pumzi moja, korosho moja. Vidole amevipaka mafuta na majivu, lakini mafuta ya ganda hayasamehe. Ngozi ya kidole gumba cha kushoto imekuwa nyeusi na ngumu kama gome. Analipwa kwa kilo, na punje ikivunjika thamani inashuka. Nilimuuliza kama anapenda kazi hii. Akanijibu, binti yangu anasoma chuo Tamluk, akaendelea kukanyaga.

Baada ya hapo punje zinakaushwa, zinamenywa ganda laini, zinapangwa kwa madaraja. W320 maana yake punje nyeupe nzima 300 hadi 320 katika pauni moja. Zinaingia kwenye kopo la kilo 11.34. Gunia langu la kilo 80 linatoa kama kilo 20 tu za korosho karanga. Maganda nayo hayatupwi, yanakamuliwa mafuta, mabaki yanawashia boila.

Chakula cha mchana ni wali, dengu na samaki wa haradali. Upepo ukitoka upande wa Junput unaleta harufu ya ng'onda, na hapo nakumbuka soko la Mikindani.

Saa 10 jioni niko mjini. Mashima ananiambia kabla ya treni kufika, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kolkata ilikuwa safari ya basi ya kuchosha. Sasa watalii wanapita kwenda ufukwe wa Digha, na tangu hekalu jipya la Jagannath lifunguliwe huko Aprili 2025 mabasi yamezidi. Wengi wanarudi na pakiti ya kaju. Vibanda vya mbao nilivyovikuta vimekuwa maduka ya ghorofa mbili.

Naingia kwa fundi wa visu vya kubangulia. Ananoa kwa tupa, anainua kisu kwenye mwanga, ananoa tena. Nampiga picha mikono, kwa ruhusa yake.

Jua likizama wanawake wanapuliza kombe la bahari nyumba hadi nyumba, mara tatu.

Saa 2 usiku, Newala ni saa 11 na nusu jioni. Nampigia mama. Anauliza kwanza nimekula, kisha korosho za kwetu zimefika pauni ngapi. Namwambia pauni 50. Anacheka kwa furaha, ananiuliza sasa mwenye pauni hizo anapata nini. Namweleza ukweli, banda la Didi linapata nini baada yetu. Anakaa kimya muda mrefu.

Kwetu vilijengwa viwanda vikubwa vya kubangua miaka ya 1970, vingi vikafungwa. Vikundi vya akina mama vinavyobangua kwa mashine ndogo vipo Mtwara, lakini mama analalamika punje zinavunjika sana. Kaka yangu, fundi wa kuchomelea, anachukua simu. Picha ya visu ameiona.

"Dada, huo mkunjo una kina gani? Ncha na ncha zimeachana kiasi gani?"

Sikupima. Kesho asubuhi, kabla ya sampuli, nitakwenda na rula.