Mzigo wa Mabua kutoka Kwihara

Tulipatana elfu kumi na kijana wa bajaji, kwenda Kwihara na kurudi mjini Tabora, na kutusubiri juu yake. Nililipa elfu ishirini na tano. Nimeanza na hilo kwa sababu bado linaniuma, ingawa siku ile ningelipa hata zaidi kama ningejua tunachokwenda kukiona.

Harusi ndiyo iliyotupeleka. Rafiki yangu wa siku nyingi alikuwa anaozesha, nami nikaondoka Bagamoyo na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na mama yake alikuwa zamu. Basi lilituchosha mno. Kutoka Manyoni kwenda mbele kiti changu kilikataa kunyooka, nikafika Tabora shingo imekauka. Gesti tuliyofikia ilikuwa elfu thelathini kwa usiku, maji ya ndoo, feni inazunguka umeme ukipenda. Harusi ilikuwa nzuri, tulikula tukacheza, sina zaidi la kuisimulia.

Siku iliyobaki mtoto aliniuliza kama Tabora kuna mitelezo. Mwezi wa sita nilimpeleka Dar kwenye bustani ya michezo ya maji, ile ya kupanda ngazi juu kabisa kisha unateleza ndani ya bomba mpaka chini. Tangu hapo, mahali popote tunapofika lazima aulize kama ipo. Nikamwambia mitelezo sijaiona, lakini kuna nyumba ya zamani alikokaa Livingstone, yule Mzungu mpelelezi. Akanuna. Akasema, "Mjomba, nyumba tu?"

Kijana wa bajaji alimsikia akacheka, akamuunga mkono. "Bosi, mtoto anasema kweli. Pale hawaendi watu. Wangebomoa, wakaweka mabembea ya umeme na bwawa, Tabora nzima ingehamia kule Jumapili." Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu hela.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulitoka mjini vizuri, lami ikaisha, na hatujaenda mbali kwenye barabara ya udongo bajaji ikaingia kwenye tope jekundu mpaka ekseli. Tulisukuma. Mimi na suruali ya harusi, mtoto viatu mkononi. Ilipotoka, ilizima. Kijana akafungua plagi, akaifuta kwa shati, akairudisha, haikuwaka. Akapiga simu mjini aletewe plagi mpya, na hapo ndipo elfu kumi yangu ilipoanza kuota matawi: ya plagi, ya bodaboda wa kuileta, na ya muda wake.

Tulikaa chini ya mwembe kwa muda wa saa tatu kasorobo. Nyumba ya jirani ilikuwa ya mwalimu mstaafu, na alipotuona akatuma kiti na mkeka, kisha sahani ya matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Maembe yalikuwa yanaanguka yenyewe nyuma ya nyumba, tuliambiwa tuokote tunavyotaka. Alipojua tunatoka Bagamoyo alikaa wima.

"Bagamoyo," akasema. "Basi ninyi ndio mliompokea."

Nilijua anamsema nani, maana mtoto wa Bagamoyo hukua akiona lile jina kwenye vibao. Lakini mwalimu hakuanza na Livingstone. Alianza na wapagazi. Alimwambia mpwa wangu kwamba Mzungu yule alikaa hapo Kwihara mwaka 1872 zaidi ya miezi mitano, na alichokuwa anasubiri ni watu wa kumbebea mizigo. Bila mabega ya watu hakuna aliyekwenda popote, awe Mwarabu wa pembe za ndovu au Mzungu wa kuandika ramani. Walipofika ndipo akaondoka, mwishoni mwa Agosti, na hakurudi akiwa hai. Alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

"Sasa sikiliza, mjukuu wangu," mwalimu akasema. "Watu wake, Susi na Chuma na wenzao, wangeweza kumzika palepale wakaenda zao. Hawakutaka. Walizika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti, wakaunyanyua. Kwa miguu mpaka pwani."

Mpwa wangu aliacha embe.

Walifika huku Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, Oktoba 1873, wakamkuta Mwingereza mwingine, Cameron, aliyekuwa amekuja kumtafuta Livingstone. Akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Walipoendelea mbele wakasikia kuwa watu wa njiani hawataki maiti ipite kwao. Hapo ndipo walipofanya lile ambalo mwalimu alilisimulia kwa mikono yote miwili, akiinuka kitini. Walichukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo yakawa na umbo la maiti, wakatangaza kwamba wamekubali, mwili unarudishwa Unyanyembe kuzikwa. Baadhi yao wakaondoka kweli na mzigo huo wa mabua, wakauchukua hadharani. Walipofika porini wakaufungua, wakatupa bua moja hapa, bua jingine kule, mpaka hapakubaki kitu. Na mwili wenyewe walikuwa wameufunga upya ukaonekana kama robota la kitambaa la biashara. Ukapita katikati ya watu, hakuna aliyeuliza.

"Kwa hiyo waliwadanganya?" mtoto akauliza.

"Waliwazidi akili."

Dakika chache baadaye watoto wa pale, sita hivi, walikuwa wanang'oa mabua makavu kwenye ua wa zamani wa mwalimu, naye hakuwakataza. Mpwa wangu aliomba khanga. Walifunga mzigo mrefu kama mtu, kamba tatu, kifuani, kiunoni na miguuni, wakaupandisha mabegani na kuzunguka nao mwembe. Mmoja alikuwa mlinzi wa njia, akiwa na fimbo, anauliza mmebeba nini. "Kitambaa!" "Hapana, huyo ni mtu!" Wakakimbia, wakaanguka, wakabadilishana zamu. Nilimtazama mpwa wangu amelowa jasho, udongo mpaka masikioni, sauti imemkauka, nikakumbuka foleni ya dakika arobaini ya mteremko wa sekunde chache kule Dar.

Kijana wa bajaji naye alikuwa amekaa anasikiliza, plagi ameisahau. Akasema hajawahi kuambiwa hayo. Amezaliwa Tabora, amesoma Tabora. Siku zote alijua kule ni nyumba ya Mzungu, basi. Mimi naona shida yote iko hapo. Watu hawaendi kwa sababu wameambiwa ile ni hadithi ya mgeni, na nani apande bajaji kwenda kutazama kitanda cha mgeni? Wangeambiwa ni njia ya babu zao, ni mabega ya Wanyamwezi yaliyoifanya, mambo yangekuwa mengine.

Hata hivyo nilimkubalia jambo moja, na nalikubali kwa moyo wote. Watoto wa Tabora wanastahili mabembea na bwawa la kuteleza kama watoto wa Dar. Sioni kwa nini wasiwe nayo. Ila ardhi ya Tabora ni kubwa, kwa nini yajengwe juu ya tembe la Kwihara? Nikamsimulia habari ya Marekani. Mwaka 1993 kampuni ya Disney ilitangaza kujenga bustani yake ya burudani, tena ya mambo ya historia, huko Haymarket, Virginia, karibu na uwanja wa Manassas palipopiganwa mara mbili, 1861 na 1862, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Fedha zilikuwapo na ajira ziliahidiwa. Waandishi wa historia na majirani wakasimama wakasema hapana, si hapa. Septemba 1994 kampuni ikaacha mpango. Na watu wale hawachukii bembea, Disneyland wanayo tangu 1955. Walichokataa ni mahali.

Kule Copenhagen, Denmark, nako iko bustani ya burudani ya Tivoli, iliyofunguliwa 1843, misafara yetu ikiwa bado inatembea kwa miguu. Hadi leo wanaendesha reli yao ya mbao ya kupanda na kushuka ya mwaka 1914, na kila treni ina mtu anayekaa juu yake kushika breki kwa mkono. Hawajaing'oa kwa sababu zipo mpya zinazokwenda kasi. 1914 ndio mwaka reli yetu ya kati ilipofika Kigoma.

Plagi ikaja. Tulifika Kwihara alasiri, wageni tulikuwa sisi peke yetu. Mtunzaji alitupokea vizuri akatutembeza chumba kwa chumba, kwenye ramani na picha za zamani. Mpwa wangu aligusa ukuta wa udongo kwa kiganja, akauliza wapagazi walilala chumba kipi. Hapakuwa na picha yao ya kumwonyesha iliyomtosha, akaridhika na kusimama uani akitazama upande wa mashariki.

Njia hii ya misafara, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara mpaka Ujiji, Tanzania iliiweka kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Usiku ule gestini, bila umeme, niliyarudia majina hayo kichwani, nikafika kwetu nikakwama. Februari 1874 mwili ule uliingia Bagamoyo ukalazwa kwenye mnara wa kanisa la misheni, kisha ukavushwa kwenda Zanzibar, na Aprili ukazikwa London, Westminster Abbey. Mnara bado upo. Ni mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwa dada yangu. Nimepita mbele yake maisha yangu yote, kwenda sokoni, kwenda baharini. Mtoto huyu nilimpeleka Dar kwa nauli ya watu wawili na kiingilio cha kuumiza, na mnarani sikuwahi kumpeleka.

Asubuhi kwenye basi konda alidai elfu tatu za mzigo. Mpwa wangu alikuwa amepakata mabua yake, amefungiwa khanga nyingine na mke wa mwalimu. Konda akataka uingie buti. Mtoto akakataa.

"Huyu hawekwi buti."

"Kwani umebeba nini?"

"Kitambaa," akajibu, akiniangalia mimi.

Nililipa. Njia nzima hakuniuliza habari ya mitelezo. Tulipokaribia Itigi aliniuliza kama niliwahi kuingia ndani ya ule mnara, nikamwambia hapana. Jumamosi yake tulikwenda, kwa miguu, mzigo tukipokezana.